Sparadra Kifuani mwa Zéphirin

Pale Kituku, wauza samaki walipomwona Kasoki akiteremka kuelekea ziwani, walikuwa wakiambiana: "Haya, Mama Mukono huyo amefika." Hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Kasoki hakununua basani ya sambaza kwa macho hata siku moja. Alipandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akauzamisha mkono wote ndani ya vile visamaki, akapekua chini kabisa, kule wajanja wanakoficha samaki wa jana. Muuzaji akilalamika, "Mama, unanichafulia mali, chini ni kama juu," basi ndipo Kasoki alipozidi kushuka. Alikuwa na neno lake: pale mtu anapokukataza kugusa, ndipo pa kugusa. Na mara nyingi, tuseme ukweli, mkono ulirudi juu na ushahidi unaonuka.

Usimcheke upesi. Huu mji wetu wa Goma haujamfundisha mtu kuamini. Kasoki aliletwa hapa kutoka Butembo akiwa bibi-arusi, na kabla hajazoea hata kutembea juu ya mawe haya meusi, wakimbizi wakajaa barabara zote na kipindupindu kikawafuata nyuma. Kila mtu alikuwa na maji "safi" ya kuuza. Kasoki alichemsha yake, akalala na bido la maji chini ya kitanda, akapona. Miaka ikapita, mlima wa moto ukapasuka. Jirani akamwambia: "Tulia mama, moto hauwezi kufika huku." Kasoki alimtazama, akajitwika godoro, akaondoka. Aliporudi alimkuta jirani yule akitafuta mahali nyumba yake ilipokuwa.

Ila somo kubwa lilikuwa la Vanessa. Mtoto wake huyo wa pili alishikwa na malaria wakati wa vita vingine, barabara imefungwa, dawa hakuna, na mchuuzi mmoja akapita mtaani na vidonge kwenye kikapu, anaapa kwa Bikira Maria kwamba ni kinini halisi. Kasoki aliamini. Kumbe ni unga uliogandishwa. Vanessa alizikwa, na tangu hapo mama yake hakununua dawa yoyote bila kuilamba, kuinusa na kuigeuza kwenye mwanga. Watu walisema ana roho ngumu. Wapi! Mama wa watu alikuwa anaogopa.

Mume wake, Zéphirin, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa dereva wa malori ya maharagwe, mtu wa kutaniana na askari wa kila barieri ya barabarani, mtu wa kumwachia mgeni ufunguo wa nyumba. "Huyu Papa Moïse," Kasoki alikuwa akisema, akimwita kwa jina la mwana wao wa kwanza, "bila miye wangekuwa wamemuuza pamoja na lori." Zéphirin anacheka tu. Wakaishi hivyo, huyu anafungua mlango, huyu anaufunga, na nyumba yao ya mbao pale Katoyi ikasimama.

Halafu Zéphirin akaota uvimbe kooni. Hospitalini walizungukazunguka na maneno mpaka Kasoki mwenyewe akauliza: "Atapona ao hatapona?" Hatapona. Kilichobaki ni kumzuia asiumie. Wakampa siro ya morfini, ya kunywa kwa seringi isiyo na sindano, asubuhi, mchana na usiku. Kasoki aliilamba kwanza. Ilikuwa chungu kweli, naye uchungu aliuheshimu, kwa sababu mdanganyifu hutia sukari. Zéphirin alipokunywa, baada ya muda uso wake ulikunjuka, akaomba redio. Kuanzia siku ile chupa ile ililala ndani ya sanduku la vitenge, na ufunguo ulilala shingoni mwa Kasoki.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita ikaingia mjini yenyewe. Sitaeleza, aliyekuwepo anajua, asiyekuwepo ashukuru. Risasi ziliponyamaza, uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na Moïse alikuwa amekwama Butembo bila njia ya kuja. Hospitalini dawa zikaanza kugawanywa kwa mkono wa kubana. Kuna juma Zéphirin alipewa nusu ya siro yake. Juma lile Kasoki hawezi kulisahau. Mtu mzima yule, aliyelala barabarani na majambazi bila kutetemeka, aling'ata blanketi mpaka likatoboka. Siku moja alimshika mke wake mkono akamwomba amfunike uso kwa mto, amkandamize mpaka kwisha. Kasoki alitoka nje, akalia kwenye mawe. Siro ikapatikana tena, lakini sasa koo lenyewe lilianza kujifunga. Anachomeza kinarudi puani.

Hapo ndipo Julienne Nyiramahirwe alipoleta sparadra.

Julienne alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa wa namna hii nyumbani kwao. Alikuwa mwanamke mfupi wa milima ya Masisi, anayetembea kwa miguu mji mzima kwa sababu wenye pikipiki waliogopa kunyang'anywa. Kasoki alimwangalia kama anavyoangalia basani. Jina lile pia lilimkaa vibaya sikioni, lilifanana na majina ya wale walioingia mjini na bunduki. Kasoki hakuwa mtu wa chuki, lakini vita inafundisha watu kusikiliza majina kabla ya kusikiliza maneno, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri wa vita.

"Mama Moïse," Julienne alisema, "siro haipite tena. Tutabadilisha dawa. Nimeleta hii."

Akapasua bahasha ndogo, akatoa kisparadra cha kubandika kwenye ngozi, chembamba, kinachong'aa, hakifiki hata kiganja cha mtoto.

"Hii ni nini?"

"Ni dawa inaitwa fentanili. Iko ndani ya sparadra. Inapita kwenye ngozi polepole siku tatu, halafu ninakuja kubadilisha."

Kasoki alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu. Akanusa. Hakuna harufu. Akatoa ulimi. Julienne akamrukia mkono: "Hapana, mama! Hii hailambwi, itakuua!"

Haa, alisema Kasoki moyoni. Tumeanza.

Julienne alikaa kitako kwenye kigoda, akatoa simu, akaanza kuuliza. Papa anakunywa siro mara ngapi? Usiku je? Na ile ya katikati, maumivu yakiruka? Akajumlisha yote ya mchana na usiku, akahesabu, akarudia hesabu tangu mwanzo. "Hatubadilishe kijiko kwa kijiko," alisema. "Tunabadilisha nguvu kwa nguvu. Ninaweka pamoja yote ya siku nzima, ndiyo ninatafuta sparadra ya nguvu inayofanana. Halafu ninashusha kidogo."

"Unashusha?"

"Kidogo tu. Mwili umezoea ile ya zamani, hii mupya hauijui bado. Dawa mupya unaipigisha hodi kwanza. Tukiona haitoshi, tunapandisha. Kupandisha ni rahisi, mama. Kumurudisha mutu aliyezama ndiyo kazi."

Kasoki alikuwa anatazama kile kisparadra na kufikiria ile chupa nzima.

"Wewe ni mutu wa sambaza," Julienne alisema, akimwona. "Basani ya mbichi ukianika, inabaki kiasi gani?"

"Kidogo."

"Na chakula kimepotea?"

"Inategemea nani alianika," alisema Kasoki.

Julienne alicheka. Kasoki hakucheka, hakuwa ametania. Muuguzi akaosha kifua cha Zéphirin kwa maji matupu, akakausha, akabandika, akakandamiza kwa kiganja na kungoja kidogo. Kisha akaeleza. Sparadra inakawia kuamka, kwa hiyo leo mpaka jioni papa atatiwa bado siro, matone matone chini ya ulimi. Akapima ya kutosha, akaiacha kwenye kikombe. Baada ya hapo, basi. Chupa yenyewe akaitia katika mkoba wake. "Kuna mama mumoja Majengo," alisema, "hana hata tone, na yeye anameza bado."

"Ee," alisema Kasoki. "Mama wa Majengo."

"Na kitu kimoja. Hapa juu ya sparadra, usimukande. Usiweke maji ya moto, asikae karibu na makala ya jiko, hata jua kali hapana. Umenisikia, mama? Akiumia, unanipigia. Akilala sana, unanipigia."

Kasoki alisikia sana. Ndiyo shida yenyewe. Kama sparadra ni dawa, kwa nini leo anywe siro? Kama siro ni dawa, kwa nini inaondoka na mkoba? Mbona haionekani, hainuki, hailambwi? Na mbona hataki iguswe na moto? Alimsindikiza muuguzi mpaka njiani, akasimama akitazama ule mkoba ukienda, ukienda, mpaka ukakata kona.

Donat, kaka mkubwa wa Zéphirin, aliishi kiwanja cha pili na alikuja kila siku kukaa mlangoni mwa mdogo wake. Kasoki alimweleza. Donat akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Watu wanakufa kwa kukosa ile siro, na yeye anaibeba mukononi. Unajua inauzwa ngapi?"

Hakuna aliyejua inauzwa ngapi. Lakini swali likishaulizwa, linatosha.

Kesho yake asubuhi Zéphirin aliamka akiguna. Si kwa nguvu, si kama juma lile la nusu, lakini aliguna, akaweka mkono shingoni, akafunga macho. Muuguzi alikuwa amesema apigiwe simu. Ampigie? Umwite mwizi aje kukuonyesha mlango uko wapi? Kasoki alitia makala kwenye jiko, akateleka maji, akatupia chumvi.

Sasa, kukanda, hakuna mama wa kwetu anayefundishwa. Ukizaa, wanakukanda. Mtoto akianguka, unamkanda. Mgongo, goti, kifua, jino, vyote vinakwenda kwa kitambaa na maji ya moto, na dawa yoyote ya kupaka inaingia vizuri ngozi ikiwa na joto, hilo halina ubishi. Kasoki akakamua kitambaa, akakilaza kifuani kwa mume wake, juu ya sparadra hasa. Kama kuna dawa mule ndani, moto utaitoa. Kama hakuna, moto utaonyesha uongo.

Zéphirin alishusha pumzi ndefu. Mikunjo ya uso ikafunguka mmoja mmoja. "Hapo," alinong'ona, "hapo hapo, mama." Akalala.

Uliona! Kasoki alitaka kupiga vigelegele. Alitoka akamwambia Donat kwamba ile sparadra ni karatasi ya kufungia sukari, kwamba siku zote hizi mzee wake alihitaji mkono na maji tu. Aliiacha pale pale kifuani, muuguzi akija asianze maswali. Na kwa kuwa jambo jema halichoshi, maji yakachemka tena, akamkanda tena, kitambaa cha moto zaidi, akakiacha mpaka kikapoa chenyewe.

Mchana ule aliketi mlangoni akichambua sambaza, anaimba wimbo wa kanisa. Alipomaliza akaingia na uji. "Papa Moïse." Kimya. "Papa Moïse, uji." Mdomo wa Zéphirin ulikuwa wazi. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakaa. Kasoki akangoja kifua kipande tena. Akangoja. Kikapanda kidogo, kwa sauti ya kukoroma kwa mbali, kikashuka, kikakaa muda mrefu zaidi. Alimtikisa bega. Akampiga kofi la shavu. Uji ukamwagika wote chini.

"Ee Nyamuhanga, Mungu wangu!" alipiga kelele. "Amemuua! Donat, njoo! Yule mwanamuke amemuulia bwana yangu!"

Donat alikuja mbio, na majirani nyuma yake. Simu ikapigwa. Donat hakusalimia hata. "Njoo uone kazi yako," alisema, akakata.

Angeweza asije. Mwenye jina kama lake, siku zile, mtaa ule, kuitwa kwa sauti ile: ni nani angemlaumu kwa kuzima simu? Julienne alikuja akikimbia juu ya mawe, kiatu kimoja kimefunguka kamba, na watu walimpisha njia kwa jinsi wanavyompisha mtu wanayetaka asitoke tena. Alipoingia, Donat aliegemea mlango kwa mgongo. "Akifa," alisema, "utatuambia hapa hapa ulimupa nini."

Julienne hakumtazama. Alifunua kope ya Zéphirin: mboni imesinyaa, imekuwa nukta. Akavaa glovu, akabandua sparadra. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu. Akavunja kichupa cha dawa ya kumwamsha, akaivuta kwenye sindano, akampiga mshipani kidogo, akangoja, akaongeza kidogo. "Pumua, Papa Zéphirin! Pumua, papa! Usitufanyie hivi!" Kasoki alikuwa amepiga magoti miguuni mwa kitanda akishika vidole vya mume wake, na vilikuwa baridi.

Zéphirin akapumua. Akapumua tena, mapema zaidi. Rangi ya midomo ikarudi. Akafungua macho, na pamoja na macho maumivu nayo yakafunguka, akaguna kwa sauti ambayo mke wake aliijua.

Julienne alijifuta jasho kwa mkono wa koti. "Mama Moïse," alisema, "kuna kitu kilipita juu ya sparadra? Maji ya moto? Moto?"

Nyumba nzima ilimgeukia Kasoki.

"Hapana," alisema Kasoki.

"Ngozi ni nyekundu, mama."

"Ni gundi yako."

"Inaweza kuwa gundi." Julienne alimtazama muda mrefu. "Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikuulize nipate wa kulaumu. Ninauliza nijue nimupe ngapi."

Kasoki alivuta blanketi, akakifunika kifua cha mume wake. Julienne akangoja, halafu akakaa kwenye kile kigoda. "Basi ni miye," alisema polepole. "Kama hakukuwa na moto, hesabu yangu ilizidi. Nilimupa dawa kubwa kuliko mwili wake. Sparadra ingine nitaweka ya nusu."

"Mumesikia!" Donat alisema, akigeukia dirisha lililojaa vichwa. "Amesema yeye mwenyewe! Mumesikia wote!"

Haya, Kasoki, furahi. Ulimshuku, na sasa amekiri mbele ya mashahidi. Mkono umerudi juu na samaki anayenuka. Lakini Kasoki hakuwa amesikia kukiri. Alikuwa amesikia nusu. Nusu ni blanketi lililotoboka. Nusu ni ule mto. Na safari hii hakuna siro ya kuongezea, na hata ikiwepo, koo limefungwa, kwa hiyo itakuwa nusu leo na nusu kesho, mpaka siku Mungu atakapochoka kutazama. Akinyamaza, mwanamke huyu wa Masisi ataondoka na lawama, na Zéphirin atakufa akipiga kelele. Akisema, atakuwa amejimaliza yeye. Aliwajua wakwe zake. Kwao hakuna kifo kisicho na mwenyewe, na mwenyewe akishapatikana hawatafuti mwingine. Aliogopa kuliko alivyoogopa mlima.

"Nilimukanda," alisema.

Hakuna aliyesikia. Zéphirin alikuwa anaguna.

"Nilimukanda!" Sauti ilitoka kubwa, kama anamgombeza mtu. "Na maji ya moto, juu ya sparadra yenyewe, mara mbili! Alinikataza, nikafanya. Hesabu yake iko sawa. Musimupunguzie! Musimupunguzie bwana yangu!"

Donat alitoka mlangoni polepole. Alimtazama shemeji yake jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama miaka yote ile. "Kumbe ni weye," alisema. Akatoka nje, na vichwa vya dirishani vikamfuata.

Julienne aliinama, akaficha uso kwenye viganja vyake viwili, mabega yakatikisika. Aliamini kweli kwamba ameua mtu, maskini. Baadaye akanyanyuka, akajipangusa, akarudi kazini. Hakuweza kubandika mara moja, kwa sababu dawa iliyokwisha kuingia ilikuwa bado imelala ndani ya ngozi, ingeweza kumzamisha tena. Ilibidi wangoje huku wakitazama pumzi, na katika kungoja kule Zéphirin aliumia mchana wote mbele ya macho ya mke wake. Kasoki alimshika mkono na hakutoka nje safari hii.

"Miye pia nilikosa," Julienne alisema, jua likiwa linainama. "Nilikuambia usikande, sikukuambia kwa nini. Moto unafungua ngozi. Dawa ya siku tatu inaingia yote kwa mara moja. Sisi watu wa hospitali tunapenda kukataza tu."

"Ungenieleza, ningeamini?"

Julienne alifikiri kidogo. "Hapana."

Wote wawili wakacheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka. Kisha Julienne akafungua bahasha nyingine, sparadra ya nguvu ile ile, akaibandika upande wa pili wa kifua.

Hesabu ilikuwa sawa. Baada ya siku chache waliipandisha kidogo, kama alivyosema, na Zéphirin akaishi mpaka mvua za mwezi wa nne. Aliongea kwa kunong'ona, akasikiliza redio, akambishia mtangazaji. Alizungumza na Moïse kwenye simu na kumwambia wapi alizika bomba la mafuta la lori la zamani. Alikufa asubuhi ya Jumapili, uso umekunjuka, mke wake anamsomea majina ya watu waliokuja kumsalimia jana yake.

Waliokuja, tuseme, walikuwa wachache. Donat alikuwa amefanya kazi yake. Kilichokuwa maji ya moto kilikuwa kimegeuka, kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, kikawa kitu kingine. Watu wa kwetu wana jina la ile sumu inayotiwa kwenye chakula, karuho, na jina hilo likaanza kutembea Katoyi likiwa limeshikana mkono na jina la Kasoki. Si yeye aliyekiri? Mbele ya watu?

Siku ya kumaliza matanga Kasoki alipika mwenyewe. Alipika bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza zilizokaangwa zikakauka vizuri, kwa kuwa Zéphirin alizipenda hivyo. Sahani zikazunguka kwa ndugu wa marehemu, zikapokelewa kwa adabu, zikawekwa chini. Donat alisema amekula nyumbani. Mkewe naye alikuwa amekula. Shangazi alikuwa na tumbo. Ajabu ya Mungu, siku hiyo Katoyi nzima ilikuwa imeshiba. Chakula kikapoa, nzi wakaanza, na Kasoki akaketi kwenye mkeka katikati ya sahani zile na kilemba chake cheupe, anatazama magoti yake. Hakulia. Alijua kila mmoja anachofikiri, maana ndivyo yeye mwenyewe angefikiri.

Julienne Nyiramahirwe aliingia akiwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwa mgonjwa upande wa Kibumba. Hakuna aliyempa kiti. Alisimama, akatazama watu, akatazama sahani zilizojaa, na hakuhitaji kuelezwa. Akavua viatu, akaja akakaa kwenye mkeka, bega kwa bega na mjane.

"Mama Moïse, pole," alisema. "Niko na njaa."

"Dada, wacha," Kasoki alisema chini chini. "Usijitie midomoni mwa watu. Ukiumwa hata kichwa kesho, watasema."

"Nimetembea toka asubuhi. Nipakulie."

Kasoki alipakua. Julienne akanawa, akamega bukari, akachovya sombe, akatupia sambaza mdomoni na vichwa vyake, akazitafuna kwa sauti, bila haraka, huku ukoo mzima wa Zéphirin umenyamaza unamtazama koo. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akaisukuma mbele ya Kasoki.

"Niongeze," alisema.